Ugunduzi wa kisayansi mkoani Kagera

Ugunduzi wa kisayansi mkoani Kagera unahusu matokeo ya utafiti uliofanyika katika mkoa huo wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, au uliohusu mkoa huo moja kwa moja, katika nyanja za afya, biolojia, akiolojia na sayansi ya Dunia. Miongoni mwa matokeo ya karibuni, yaliyovuta macho ya wataalamu wengi zaidi ni yale ya wilaya za Karagwe na Kyerwa. Huko sampuli za damu zilizokusanywa mwaka 2021 zilionyesha kwamba vimelea vya malaria vimeanza kujenga usugu dhidi ya artemisinini, dawa ambayo matibabu ya malaria Afrika nzima yanaitegemea.

Matokeo mengine yanayojulikana ni kuthibitishwa kwa virusi vya Marburg mwaka 2023 na 2025, utafiti juu ya mnyauko wa migomba, uchimbaji wa matanuru ya kale ya kuyeyushia chuma kando ya Ziwa Viktoria, na maelezo mapya kuhusu mwendo wa bamba la ardhi ambalo mkoa umekaa juu yake.

Eneo

Kagera inapakana na Uganda upande wa kaskazini, na Rwanda na Burundi upande wa magharibi; mashariki kuna Ziwa Viktoria. Wilaya zake ni Bukoba Mjini, Bukoba Vijijini, Missenyi, Muleba, Karagwe, Kyerwa, Ngara na Biharamulo. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipotengwa na kuwa wilaya mwaka 2012.

Mahali ulipo mkoa huu ni sababu mojawapo ya kupata matokeo mengi ya utafiti. Watu, mifugo, mazao na bidhaa huvuka mipaka kila siku, na vijidudu vya magonjwa huvuka pamoja nao. Mkazi wa kata ya Ihanda wilayani Karagwe anaweza kuwa na ndugu Rwanda, soko Uganda na shamba Tanzania. Kwa hiyo jambo linalogunduliwa upande mmoja wa mpaka halichukui muda mrefu kuwa jambo la upande wa pili.

Malaria na usugu wa artemisinini

Dawa na historia yake

Artemisinini hutokana na mmea wa artemisia (Artemisia annua). Ilitengwa nchini China mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kikundi cha mwanasayansi Tu Youyou, ambaye mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Dawa hii huua vimelea vya malaria haraka kuliko dawa nyingine, lakini haikai mwilini muda mrefu. Kwa sababu hiyo huchanganywa na dawa ya pili inayokaa zaidi, na mchanganyiko huo huitwa dawa mseto. Nchini Tanzania dawa mseto iliyozoeleka ni ALu, yaani artemetha pamoja na lumefantrini, iliyochaguliwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006.

Kabla ya hapo nchi ilikuwa imepoteza dawa mbili. Klorokwini ilitumika kwa miaka mingi mpaka vimelea vikaizoea, ikaachwa mwaka 2001. Nafasi yake ilichukuliwa na SP, ambayo nayo ilidhoofika katika muda wa miaka michache tu. Katika nchi nyingi za Afrika kipindi cha kushindwa kwa klorokwini kilikuwa pia kipindi cha kuongezeka kwa vifo vya watoto. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayofanya habari za usugu mpya zichukuliwe kwa uzito.

Jeni ya Kelch 13

Usugu dhidi ya artemisinini ulitambuliwa kwanza magharibi mwa Kamboja mwishoni mwa muongo wa 2000. Baadaye wanasayansi walionyesha kwamba unatokana na mabadiliko katika jeni moja ya kimelea Plasmodium falciparum iitwayo Kelch 13, au K13 kwa kifupi. Tangu hapo imewezekana kufuatilia usugu kwa kusoma jeni hiyo katika tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi.

Utendaji wake unaelezwa hivi. Kimelea kinapokuwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na chuma kinachotoka humo ndicho kinachoiamsha artemisinini ianze kuua. Kimelea chenye K13 iliyobadilika hula himoglobini kidogo zaidi katika saa zake za mwanzo. Dawa haiamshwi vya kutosha, na baadhi ya vimelea huvuka salama zile saa chache ambazo artemisinini imo katika damu.

Barani Afrika, mabadiliko yaitwayo R561H yaliripotiwa Rwanda mwaka 2020. Jina hilo lina maana kwamba katika nafasi ya 561 ya protini, asidi amino ya arginini imeacha nafasi yake kwa histidini. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kuwa vimelea hivyo havikuletwa kutoka Asia; usugu ulizaliwa upya Afrika. Mwaka uliofuata aina nyingine za mabadiliko ya K13 ziliripotiwa kaskazini mwa Uganda.

Matokeo ya Karagwe na Kyerwa

Mwaka 2021 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ikishirikiana na vyuo vikuu vya Marekani, ilichunguza jeni za vimelea kutoka mikoa 13 ya Tanzania. Kazi hiyo iliongozwa kwa upande wa Tanzania na Deus Ishengoma wa NIMR, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024.

Katika mikoa mingi mabadiliko ya R561H hayakuonekana au yalikuwa nadra mno. Kagera ilikuwa tofauti: yalipatikana katika asilimia 7.7 ya sampuli za mkoa. Hata ndani ya mkoa hayakuenea sawasawa. Karagwe yalifikia karibu asilimia 23, Kyerwa zaidi ya asilimia 14, na Ngara kati ya asilimia 1 na 2. Yaani wilayani Karagwe karibu sampuli moja katika kila nne au tano ilikuwa na kimelea cha aina hiyo. Vimelea vya Kagera vilionekana kuwa na undugu na vile vya Rwanda.

Kuona mabadiliko ya jeni hakutoshi kusema dawa imeathirika. Lazima kutazama wagonjwa. Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa tiba wilayani Karagwe kwa watoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 10. Walipewa dawa mseto chini ya uangalizi, kisha damu yao ikapimwa mara kwa mara. Siku ya tatu ya matibabu, zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi alikuwa bado na vimelea vinavyoonekana kwa hadubini. Kiwango cha asilimia 10 ndicho Shirika la Afya Duniani hukitumia kama ishara ya tahadhari. Kwa ushahidi huo wa aina mbili, wa jeni na wa wagonjwa, Kagera ikahesabiwa kati ya maeneo ya Afrika yenye usugu wa sehemu uliothibitishwa.

Maana ya "usugu wa sehemu"

Neno hili huleta mkanganyiko. Usugu wa sehemu si sawa na dawa kushindwa. Katika utafiti wa Karagwe zaidi ya watoto 95 kati ya 100 walipona kabisa, kwa sababu dawa ya pili katika mseto iliua vimelea vilivyobaki. Kilichobadilika ni kasi: artemisinini inachukua muda mrefu zaidi kusafisha damu.

Hatari iko mbele. Vimelea vingi vinapobaki hai baada ya artemisinini, kazi yote huiangukia dawa ya pili, na vimelea hupata nafasi ya kuizoea hiyo pia. Asia ya Kusini-Mashariki ilipitia hatua hizo mbili, moja baada ya nyingine, na baadhi ya dawa mseto zikaacha kuponya. Tena kwa mtoto mwenye malaria kali, ambaye hutibiwa kwa sindano ya artesuneti, kila saa ina thamani yake.

Hatua zinazopendekezwa na wataalamu ni pamoja na kupima K13 kila mwaka katika maeneo ya mpakani, kutumia aina zaidi ya moja ya dawa mseto kwa zamu au kwa pamoja, na kuzuia mbu kwa vyandarua vyenye dawa na upuliziaji. Kwa upande wa mgonjwa mambo ni yaleyale ya siku zote: kupima kabla ya kumeza dawa, kumaliza dozi, na kurudi kituoni homa isipokoma. Dozi ya ALu humezwa mara sita katika siku tatu, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa lumefantrini hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Anayeacha vidonge baada ya homa kushuka siku ya kwanza hukaribisha malaria irudi, na huwapa nafasi vimelea vilivyo sugu kuendelea kuishi.

Virusi vya Marburg

Virusi vya Marburg ni jamaa ya virusi vya Ebola na vilitambuliwa mwaka 1967 nchini Ujerumani, katika mji uliovipa jina. Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza, uliotokea Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki, miongoni mwao mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023.

Mlipuko wa pili ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025 wilayani Biharamulo. Wagonjwa wawili walithibitishwa kwa kipimo cha maabara na wengine 8 walihesabiwa kuwa huenda walikuwa nao. Wote 10 walifariki. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 13 Machi 2025.

Makazi ya asili ya virusi hivi ni popo wala matunda wa aina ya Rousettus aegyptiacus, wanaoishi kwa maelfu mapangoni na katika machimbo yaliyoachwa. Jambo hilo lilithibitishwa nchini Uganda, ambako virusi hai vilipatikana katika popo wa mgodi wa Kitaka baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Popo hao hawaonekani kuugua. Kutoka kwa mtu hadi mtu virusi huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na ndiyo maana wauguzi na wanaoandaa maziko huwa hatarini zaidi.

UKIMWI

Kagera ilikuwa na nafasi yake pia katika historia ya UKIMWI. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini walipatikana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Wakati huo ugonjwa ulikuwa hauna jina rasmi kwa wenyeji, na wengi waliuita "Juliana". Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba Mjini wakiwa na VVU. Kipimo kama hicho kilirudiwa: mwaka 1993 kilikuwa asilimia 18.3, na mwaka 1996 asilimia 13.3. Takwimu hizo zilikuwa kati ya ushahidi wa mapema barani Afrika kwamba maambukizi yanaweza kupungua jamii inapobadili mwenendo, hata kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika.

Biolojia

Migomba

Ndizi ni chakula kikuu cha Wahaya na Wanyambo, na kibanja cha migomba ndicho kitovu cha makazi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, pamoja na wingi wa majina yake, zote ni uzao wa mmea mmoja uliogawanywa kwa machipukizi kizazi baada ya kizazi. Wakulima walichagua mabadiliko madogo ya umbo, ladha na rangi, lakini ndani mimea hiyo inafanana sana. Udhaifu wa mmoja basi ni udhaifu wa wote.

Hilo lilionekana mwaka 2006, mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria Xanthomonas ulipothibitishwa Kagera, miaka mitano baada ya kuonekana Uganda. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Bakteria hubebwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na pia na panga lililokata mgomba mgonjwa.

Mwanzoni wakulima walielekezwa kung'oa shina lote na machipukizi yake, kazi ngumu iliyowakatisha tamaa wengi. Utafiti uliofuata, hasa mashariki mwa Kongo na nchi jirani, ulionyesha kuwa bakteria havifiki katika kila chipukizi. Ikawa inatosha kukata mapema mgomba ulioonyesha dalili tu, kuondoa ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na kusafisha vifaa kwa moto au dawa ya klorini. Njia hii ilipokelewa vizuri zaidi kwa sababu inaacha kibanja kikiendelea kuzaa.

Wakati huohuo kituo cha Maruku cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilishiriki kupima migomba chotara iliyozalishwa Uganda. Aina nne kati ya hizo ziliidhinishwa nchini mwaka 2021 kwa jina la TARIBAN.

Furu wa Ziwa Viktoria

Vipande virefu vya matope vilivyotolewa chini ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 vilionyesha kuwa ziwa hilo lilikauka zamani na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Hata hivyo lina spishi zipatazo 500 za furu ambao hawapatikani kwingine. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulitoa maelezo: samaki hao ni uzao wa koo mbili za kale zilizochanganyika, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Mchanganyiko huo uliwapa akiba kubwa ya jeni, nao wakagawanyika upesi kufuata kina cha maji, rangi na chakula.

Akiolojia

Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka na baadaye Kemondo Bay, kando ya ziwa. Alipata vyungu vya aina ya Urewe, mavi ya chuma na mashimo ya matanuru yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Huko Katuruka aliongozwa na wazee walioonyesha mahali ambapo masimulizi yalisema palijengwa mnara wa chuma.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walioijua kazi hiyo tangu ujana walijenga tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, ingawa ufundi huo ulikuwa umeachwa kwa miongo mingi. Walitumia udongo wa kichuguu, makaa, matete yaliyochomwa, mivukuto na mabomba ya udongo. Mabomba yaliingizwa ndani kabisa ya tanuru, na Schmidt pamoja na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba hewa ilipashwa moto ikiwa bado bombani, hivyo kuzalisha chuma cha pua. Dai hilo lilipingwa na wataalamu wengine, ambao walitilia shaka kama upashaji huo ulikuwa na nguvu iliyodaiwa. Pia umri wa makaa unaweza kuzidi umri wa tanuru, endapo mti uliochomwa ulikuwa mzee. Ubishi huo haukubadili jambo la msingi, kwamba ufundi wa chuma katika Kagera ni wa kale na ulifikia kiwango cha juu.

Upande wa Karagwe, Andrew Reid na Rachel MacLean walichapisha mwaka 1995 utafiti juu ya uhusiano wa chuma na utawala. Katika ufalme wa Karagwe, uliokuwa na makao yake Bweranyange, vitu vya chuma vilikuwa alama za mtawala. Wasafiri Speke na Grant walipokelewa na mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861.

Sayansi ya Dunia

Miamba ya Karagwe na Ngara ni ya kale sana. Ile yenye nikeli huko Kabanga, wilayani Ngara, ina umri wa takribani miaka bilioni 1.4.

Kagera imekaa upande wa magharibi wa bamba dogo la Viktoria, lililo kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Vipimo vya GPS vilionyesha kwamba bamba hilo linazunguka kinyume cha mwendo wa saa, tofauti na mabamba ya jirani. Mwaka 2020 watafiti wa Potsdam, Ujerumani, walitumia mifano ya kompyuta kueleza sababu: sehemu dhaifu na sehemu imara za ganda la Dunia zimepangana kwa namna ambayo matawi ya Bonde la Ufa huligeuza bamba hilo kama parafujo kati ya vidole viwili.

Kuinuka kwa ardhi kando ya tawi la magharibi ndiko kulikogeuza mto Kagera, ambao zamani ulielekea magharibi. Maji yaliyokosa njia yaliunda Ziwa Viktoria yapata miaka 400,000 iliyopita, na mabonde yenye vinamasi ya Karagwe ni alama za mabadiliko hayo.

Mwendo huo haujakoma. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa mkoa na kuua watu wasiopungua 17. Maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa muda kutokana na majengo kubomoka. Wengi wa waliokufa waliangukiwa na kuta, jambo linaloonyesha umuhimu wa msingi imara na matofali yaliyofungwa vizuri hata mahali ambapo matetemeko ni nadra.

Umuhimu

Sehemu kubwa ya matokeo haya yalianza na kitu ambacho wenyeji walikuwa nacho tayari: tone la damu ya mtoto katika zahanati, mgomba ulionyauka, masimulizi ya wazee. Maabara zilikuja baadaye. Kwa upande wa malaria kazi haijaisha, kwa kuwa vimelea sugu vya Karagwe na Kyerwa viligunduliwa dawa ikiwa bado inaponya. Klorokwini haikupata bahati hiyo. Usugu wake ulijulikana kwa wengi pale wagonjwa walipoacha kupona.

Tazama pia

Mkoa wa Kagera
Wilaya ya Karagwe
Wilaya ya Kyerwa
Malaria
Ziwa Viktoria
Bonde la Ufa